Njia ya zege kwa wenye nyumba na maduka wa Kilosa na Mikumi

Masika yakiisha, pita mitaa ya Kilosa mjini ukiangalia chini. Utaona vibaraza vilivyomwagwa mwaka jana tu. Kimoja kimekatika katikati kama biskuti. Kingine kimeinamia ukutani na kimetuamisha dimbwi la maji ya kijani. Cha tatu kinaning'inia: udongo wa chini umeondoka, na ukikigonga kwa kisigino kinalia kama ngoma. Muulize mwenye nyumba, atakujibu kwamba simenti ya siku hizi ni feki. Nimevunja vibaraza vya namna hiyo vya kutosha kujua kuwa simenti husingiziwa. Kosa huwa liko chini ya zege, au ndani ya ndoo ya maji iliyoongezwa wakati hakuna aliyekuwa anatazama.

Ninayemwandikia hapa ni yule anayetaka njia ya zege kutoka getini hadi mlangoni, kibaraza cha kuzunguka nyumba, au sehemu ya kupita wateja mbele ya duka, na anataka amwage mara moja amalize. Kilosa na Mikumi zimo katika wilaya moja, lakini zege hufa tofauti katika kila mji.

Kilosa adui ni maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na kuingia Januari 2010 Mto Mkondoa ulipasua kingo zake, maelfu ya watu wakahama nyumba zao, na reli ya kati ikaharibiwa vibaya kati ya Kilosa na Gulwe. Maji yaliyobeba tuta la reli hayawezi kuzuiwa na kibaraza chako, na sikudanganyi kwamba kuna zege la kukabili mafuriko ya namna ile. Ninachosema ni kuhusu miaka ya kawaida. Udongo wa maeneo yaliyo jirani na mto ni mchanga na tifutifu ulioletwa na mto wenyewe. Unachimbika kwa kijiti, na matone ya paa peke yake yanatosha kuutoboa.

Mikumi adui ni udongo. Sehemu nyingi za tambarare zina ule udongo mweusi wa mbuga. Mvua ikinyesha unavimba na kung'ang'ania viatu. Ikifika Oktoba unapasuka nyufa za kuingiza vidole. Zege lililolazwa moja kwa moja juu yake linainuliwa na kushushwa kila mwaka hadi likatike. Si Mikumi yote iko hivyo. Ukisogea upande wa vilima unakuta ardhi nyekundu, ngumu, isiyo na matata. Kwa hiyo usimwamini jirani kuhusu udongo wako. Chimba shimo la sentimita 50 hapo njia itakapopita, chukua udongo wa chini, uloweshe kidogo na uuviringishe kiganjani. Ukikatikakatika, shukuru. Ukivutika ukawa kama tambi ndefu inayong'aa, jua una kazi ya ziada, nami nitaieleza hapa chini.

Kabla ya jembe

Mwenye duka kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, pale Mikumi, asianze na fundi. Aanze na futi kamba. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Zile alama za X zilizochorwa kwenye kuta unazijua. Zege utakalomwaga ndani ya hifadhi ni mali uliyoiweka kwenye kiwanja cha mwenzako: siku ya kupanua barabara litavunjwa, na fidia usiitegemee. Ukitaka kutengeneza sehemu ya wateja kupita ndani ya eneo hilo, nenda TANROADS kwa maandishi. Kwa mitaa ya ndani, Kilosa na Mikumi, wenye barabara ni TARURA, na wao pia wataka barua.

Mtaro mbele ya duka ndio unaoleta ugomvi mwingi zaidi. Watu wanaujaza kifusi ili wateja wavuke kirahisi, halafu mvua ya kwanza inaingiza maji dukani kwa jirani. Acha mtaro upumue. Weka kalavati lenye ukubwa uleule wa mtaro, au bora zaidi tengeneza vifuniko vya zege vyenye nondo, vifupi, ambavyo watu wawili wanaweza kuvinyanyua kuuzibua. Mfuniko usionyanyulika ni sawa na mtaro uliozibwa. Tofauti yake ni miezi tu.

Jambo jingine kwa wenye biashara: Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo yanayohudumia umma yafikike. Mikumi kuna nyumba za wageni nyingi zinazopokea watu wa kila umri wanaokwenda hifadhini, na bado utakuta ngazi tatu kali mlangoni. Mteremko wa kiti cha magurudumu uwe wa sentimita 1 kupanda kwa kila sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 30, basi, kinahitaji mteremko wa mita 3.6. Ukiupanga sasa gharama yake ni mifuko michache, ukiusahau utavunja.

Upana: njia ya getini isipungue mita 1.2, watu wawili wapishane bila mmoja kukanyaga bustani. Kibaraza cha kuzunguka nyumba hesabu yake inaanzia juu, kwenye bati. Tazama maji ya paa yanapodondokea. Mabati mengi yanatoka nje ya ukuta kama sentimita 60, na mafundi wengi hupiga kibaraza cha sentimita 60. Maana yake ni kwamba kila mvua inachimba ukingoni kabisa, mahali dhaifu kuliko pote. Fanya sentimita 90 au zaidi, au funga gata. Gata lina faida ya pili, maji ya kumwagilia hilo zege.

Kazi ya chini

Hapa ndipo ningependa pesa yako iende, hata kama itabidi upunguze urefu wa njia.

Ondoa udongo wa juu wote wenye mizizi na majani, kwa kawaida sentimita 15 hadi 20. Kama ile tambi ilivutika kiganjani, ondoa si chini ya sentimita 30 za huo udongo mweusi, na uondoke nao; usiurudishe kando ya njia. Jaza moramu. Mwaga tabaka la sentimita 10, nyunyizia maji, shindilia, kisha tabaka jingine. Moramu iwe na unyevu wa kutosha kushikana ukiikamata mkononi, lakini isichuruzike. Usipopata mashine ya kushindilia, kishindilio cha mkono kinafaa, ilimradi anayekitumia hana haraka. Kipimo changu ni kisigino: nikikikandamiza kwa nguvu kikaacha alama, tunarudia.

Kwa ardhi tifutifu ya Kilosa, ongeza kitu kimoja. Ukingo wa nje wa njia, ule unaopigwa na maji, uchimbwe mfereji mwembamba ili zege hapo liwe na kina cha sentimita 20 hadi 25 badala ya 10. Ni kama jino lililoingia ardhini. Bila hilo maji yanachimba pembeni, yanaingia chini, na ndiyo ile sauti ya ngoma niliyoitaja mwanzoni.

Kabla hujafunika, laza bomba la plastiki la inchi 2 lipite chini ya njia kutoka upande hadi upande, uzibe ncha zake. Siku utakapotaka kupitisha waya wa umeme au mpira wa maji utajipongeza.

Sasa mbao. Mbao za inchi 1 kwa 4 zina kimo cha kama sentimita 10, ambao ndio unene unaofaa kwa watembea kwa miguu na pikipiki. Pale gari linapoingia, tumia inchi 1 kwa 6 na uweke wavu wa BRC. Wavu huo ukalie biskuti za zege ili ubaki juu kidogo ya katikati. Nimeona wavu mwingi umelala chini kabisa kwenye moramu, unaota kutu tu. Tembo wa Mikumi wanaokatiza uani usiku sikuwaweka kwenye hesabu. Dume mkubwa anafika tani 6, na hakuna anayetarajiwa kumjengea njia.

Funga mbao kwa vigingi vilivyo nje, ili ving'oke vyote baadaye. Kigingi kilichosahaulika ndani ya zege ni chakula cha mchwa. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje. Usikadirie kwa jicho. Mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule wa bei ya chini kabisa, hauna ubishi. Na kati ya zege na ukuta wa nyumba weka kitenganishi. Mfuko wa simenti uliokunjwa mara kadhaa unatosha. Nyumba na njia havitulii pamoja, kila kimoja kikae kivyake.

Toroli na ndoo

Fundi atakwambia, "Bosi, hapa tunapiga moja-mbili-nne." Vizuri, hicho ndicho kipimo. Halafu utamwona anapasua mfuko mmoja, anaita toroli mbili za mchanga na toroli nne za kokoto. Hesabu mwenyewe. Mfuko wa kilo 50 ukimwagwa unajaza kama lita 35. Toroli lililojaa linabeba lita 60 au zaidi. Alichochanganya ni kama moja, tatu na nusu, saba. Hajakuibia, ndivyo alivyofundishwa, na wala simenti si feki. Lakini zege hilo lingefaa kulazwa chini ya msingi, si kukanyagwa.

Weka toroli kando, pima kwa ndoo za lita 20. Mfuko mmoja, ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto. Njia ya mita 10 yenye upana wa mita 1.2 na unene wa sentimita 10 inakula mita za ujazo 1.2. Hiyo ni mifuko 8, ndoo 28 za mchanga na ndoo 56 za kokoto. Nunua mfuko wa tisa uwe akiba, hasa kama ukingo wako una lile jino.

Mchanga wa mtoni ni mzuri ukiwa msafi, na mito yetu ina tope. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, tia mchanga hadi kimo cha sentimita 10, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa kwa nguvu, iache hadi asubuhi. Tope litatulia juu ya mchanga. Likizidi milimita 6, uoshe au ukatae lori. Fanya hivyo kabla lori halijashusha, maana likishashusha mabishano hayana mwisho. Kokoto ziwe za inchi robo tatu kwenda chini. Zile zinazopondwa kwa mkono na akina mama ni nzuri tu. Pepeta vumbi lake, na gonga chache kwa nyundo uone kama mwamba ni mgumu au unamomonyoka.

Simenti, iwe Twiga, Simba, Tembo au Dangote, angalia tarehe na uminye mfuko. Mabonge yasiyovunjika kwa vidole ni ya kurudisha dukani. Kwa njia ya watu, daraja la 32.5 linatosha, gari linapopita chukua 42.5. Ihifadhi juu ya mbao, mbali na ukuta.

Na maji. Mfuko mmoja unataka lita 25 zikijumlishwa zote, na mchanga uliolowa na mvua umeshakuja na zake. Anza na ndoo moja ya lita 20, kisha ongeza kwa kopo. Siku tulipomwaga kibaraza cha mama mdogo wangu, kijana wa toroli alisimama mara ya tatu na kulalamika: "Kaka, weka maji bwana, zege linagoma kushuka." Fundi akanitazama. Nikamwambia liache ligome. Tulilisukuma kwa chepe, tukalichomachoma kwa kipande cha nondo, hasa kando ya mbao, likakaa. Pembeni yake kuna kipande kimoja cha mwisho walichomalizia nilipokwenda kula. Hicho ndicho mama mdogo anakifagia unga mweupe kila asubuhi hadi leo. Maji ya ziada hayabaki ndani ya zege. Yanatoka na kuacha vitundu, na uso unabaki mlaini kama chaki.

Changanya juu ya sakafu ngumu au bati, si juu ya udongo mtupu. Geuza vikiwa vikavu mara tatu hadi rangi iwe moja, ndipo utie maji. Kinachochanganywa kimwagwe ndani ya saa moja. Likianza kukaza, usilizindue kwa maji.

Siku ya kumwaga

Ningechagua Juni hadi Agosti. Vuli iko mbali, jua halijawa kali. Kama huna budi kumwaga Oktoba, anza saa kumi na mbili asubuhi na uwe umemaliza saa nne. Nyunyizia moramu kabla, la sivyo itanyonya maji ya zege kutoka chini.

Sawazisha kwa rula ya mbao iliyonyooka, ukiiburuta kwa kuchezesha kushoto na kulia juu ya mbao za pembeni. Maji yatapanda juu. Yaache yakauke yenyewe. Fundi mwenye haraka atataka kuyanyunyizia simenti kavu na kusugua. Usikubali, tabaka hilo linabanduka kama ganda.

Zege linapokauka linasinyaa, na likisinyaa litakatika mahali fulani. Pangia mahali hapo wewe. Kwa njia ya mita 1.2, weka mkato kila mita 1.2 hadi 1.5, kina cha sentimita 2.5. Unaweza kuuchora kwa mwiko na rula zege likiwa bichi, au kuukata kwa grenda kesho yake. Weka mkato pia kila njia inapopinda na inapokutana na ngazi. Watu hunilalamikia kwamba mistari inaharibu sura. Hawajaona ufa unaopita kwa kona ukichagua njia wenyewe.

Usipige niru. Kibaraza cha niru, au kile chekundu cha oksaidi kinachong'arishwa kila Jumamosi, kinapendeza sana hadi mvua inyeshe na bibi ateleze. Uso ukishaacha kung'aa kwa maji, pitisha fagio la chelewa mara moja kwa kukata upana wa njia, mkono mwepesi. Mistari hiyo midogo inashika kiatu.

Siku saba

Mafundi wakiondoka, wenye nyumba wengi huhesabu kazi imekwisha. Zege linakomaa kwa maji, na likikauka juani siku ya pili halirudi. Jioni ileile, likishakuwa gumu kiasi cha kutoachwa alama na kidole, lifunike: magunia ya katani yaliyolowa, nailoni iliyokandamizwa kwa mchanga kando, hata majani ya migomba. Wilaya iliyolima mkonge pale Kimamba isikose gunia. Lowesha asubuhi, mchana na jioni, siku saba bila kuruka hata Jumapili. Mbao za pembeni zing'olewe baada ya siku mbili, na udongo, usiwe ule mweusi, urudishwe kando ya njia ukishindiliwa, usizidi uso wa zege.

Nina ujanja mmoja. Mkubaliane na fundi malipo ya awamu tatu: ya kwanza kazi ya chini ikiisha na umeikanyaga kwa kisigino, ya pili siku ya kumwaga, na ya mwisho siku ya nane, magunia yakiondolewa. Awamu ya mwisho isiwe ndogo. Utashangaa jinsi fundi atakavyokupigia simu kuuliza kama mmemwagilia.

Siku hiyo ya nane fungua duka, wateja wapite. Gari lisubiri siku 28.